Shamba moja, tableti tatu: juu ya nini programu zetu hazisikilizane

Wandugu, wale wenye kufanya kazi ya anketi, ya kupima mashamba au ya kuandikisha watu, hii hali munaijua. Mkulima mmoja wa kakao kule Mambasa anapokea kijana wa mnunuzi wa kwanza. Kijana anazunguka shamba na simu, anachukua namba za mahali, anauliza jina, umri, hesabu ya miti. Mwezi unaofuata anafika kijana wa mnunuzi wa pili na programu ingine, maswali karibu yale yale. Kisha ONG nayo inaleta tableti yake. Shamba ni moja, mwenye shamba ni mmoja, lakini sasa iko katika programu tatu zisizojuana. Moja inamwandika kwa jina la ubatizo, ingine kwa jina la babu yake. Hapa ana hektari 2, pale ana 2,6.

Watu wengi wanasema: shida ni intaneti, shida ni moto wa umeme. Hizo zipo, sikatai. Lakini hata ukileta intaneti nzuri na paneli za jua, hizi programu tatu hazitasikilizana. Zinakosa kitu kingine: kanuni ya pamoja kati ya wale wanaozitengeneza.

Tuanze na trakta

Tuliosoma kilimo tunakumbuka somo la mashine. Nyuma ya trakta kuna mikono mitatu ya kushikilia jembe, na kuna mhimili unaozunguka mara 540 kwa dakika kwa kuendesha mashine ingine. Jembe la kampuni moja linaingia kwenye trakta ya kampuni ingine, juu vipimo vya hiyo mikono vimeandikwa na kukubaliwa na wote. Mkulima halazimishwe kununua kila kitu duka moja.

Umeme na kompyuta zilipoingia ndani ya trakta, ile amani ikapotea. Kila mashine ilikuja na kioo chake na waya zake. Dereva akakaa kati ya vioo vingi kama rubani wa ndege. Watengenezaji wakaandika kanuni ingine, ISO 11783, ile wanaita ISOBUS, ili kioo kimoja kiongoze mashine zote. Lakini karatasi peke yake haikutosha: kila kampuni iliisoma kwa namna yake. Njo maana mwaka 2008 kampuni kubwa kama John Deere, CLAAS, AGCO na CNH ziliunda shirika moja, AEF, la kuhakikisha kwamba kinachoandikwa kinafanya kazi kweli. Wahandisi wa kampuni zinazoshindana wanaleta vifaa vyao chumba kimoja, wanaviunganisha, wanaona kipi kinakataa.

Somo ni hili: kushindana kwenye soko hakukatazi kukubaliana juu ya kiungo.

Hesabu ndogo

Tuseme Ituri iko na programu 8 zinazoandika wakulima. Ukitaka kila moja iongee na kila ingine moja kwa moja, unahitaji viungo 28 (8 mara 7, gawa kwa 2). Ikiongezeka ya 9, viungo vinakuwa 36. Kila kiungo kinahitaji mtu wa kukitengeneza, na kinakufa siku upande mmoja unapobadilisha kitu. Lakini kama wote wanakubali lugha moja ya katikati, kila programu inajifunza hiyo lugha tu: viungo 8. Ya 9 ikija, ni kiungo kimoja zaidi.

Ni kama soko letu la Bunia. Mlendu, Mhema, Malur, Mlugbara, Mnande na Mbira hawajifunze lugha zote za wenzao ili kuuziana mihogo. Wanakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja anabaki na lugha yake nyumbani.

Mfano mzuri tunaoushika kila siku

Wengi wetu tumefanya kazi na KoboToolbox. Ilianzishwa na Phuong Pham na Patrick Vinck wa Harvard, watafiti ambao mwaka 2007 walifanya anketi juu ya vita, amani na haki huku kwetu Ituri na katika Kivu zote mbili. Lakini Kobo haikuanza na mikono mitupu. Programu yake ya simu imejengwa juu ya ODK, iliyoanza 2008 kwenye chuo kikuu cha Washington, kule Seattle. Na ODK nayo ilisimama juu ya kanuni ya fomu inayoitwa XForms, ambayo W3C, shirika la kanuni za intaneti, ilikuwa imeikubali tangu 2003. Kikundi kimoja cha watengenezaji, OpenRosa, kilikubaliana namna ya kuitumia kwenye simu ndogo na namna simu itakavyoongea na serva.

Faida yake unaiona kwa mkono. Fomu unaiandika ndani ya Excel: karatasi moja ya maswali, moja ya majibu ya kuchagua, moja ya mipangilio. Faili ile ile unaipeleka kwenye Kobo, kwenye ODK, kwenye Ona, na inafunguka bila kuandika upya. Kijana aliyejifunza hiyo kazi kwa mradi wa lishe anaweza kesho kuingia mradi wa maji. Ujuzi wake hauzikwi pamoja na mradi. Kwa sisi wa lisansi tunaoishi na mikataba ya miezi mitatu, hiyo ni chakula.

Linganisha na ile ingine. Niliwahi kupima mashamba kwa mnunuzi mmoja aliyetumia programu yake mwenyewe, iliyofungwa. Mkataba ulipoisha, koperativi iliomba nakala ya ramani za wanachama wake. Jibu lilikuwa: programu haitoi faili. Kazi ya wiki nyingi kwenye matope, na koperativi ilibaki na daftari lake lile la zamani.

Kwa nini kakao inatukazia sasa

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka kakao, kahawa na bidhaa zingine zionyeshe zimetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikukatwa msituni baada ya tarehe 31/12/2020. Siku ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanajitayarisha. Shamba lisilopita hektari 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja. Likipita hapo, mzunguko wote wa shamba unahitajika. Na namba za mahali ziwe na tarakimu 6 baada ya mkato.

Mfumo wa Ulaya unapokea faili za GeoJSON. Hiyo ni kanuni ya wazi, imechapishwa tangu 2016, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Kwa hiyo programu yoyote ya kupima shamba inaweza kutoa faili ya namna hiyo. Isipotoa, ni kwa sababu mwenyewe hakutaka au hakuombwa.

Lakini kanuni inataka uangalifu. GeoJSON inaandika longitudo kwanza, kisha latitudo. Simu nyingi zinaonyesha kinyume. Mji wa Mambasa uko karibu na latitudo 1,36 na longitudo 29,05. Ukizigeuza, kakao yako inaota katika jangwa la Algeria! Kompyuta ya Ulaya haitakupigia simu kukuuliza. Mzigo utakataliwa tu, na aliyepoteza ni mama aliyekausha kakao yake kwenye turubai.

Tena kanuni ya faili haimalizi yote. Tunahitaji pia kukubaliana juu ya majina ya mahali. Kijiji kimoja kinaandikwa kwa namna tatu, na vijiji viwili tofauti viko na jina moja. Kwa hili OCHA inatumia namba za pamoja kwa kila eneo: Ituri ni CD54, na teritwari zetu tano, Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, kila moja iko na namba yake chini ya hiyo. Ukiweka namba karibu na jina, hata kama mwenzako ameandika jina vibaya, orodha mbili zinakutana.

Nani hataki?

Tuseme ukweli. Mwenye programu iliyofungwa anafaidika: mteja hawezi kuhama. Njo maana kanuni ya pamoja haishuki kutoka mbinguni, inaombwa. Angalieni pesa ya simu. Hapa Bunia mtu wa kabini anapanga simu kadhaa mezani, moja ya Airtel Money, moja ya M-Pesa, moja ya Orange Money, na kila moja inataka pesa yake ndani. Tanzania walikuwa na shida ile ile. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walianza kukubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja. Vodacom, mwenye M-Pesa na wateja wengi kupita wengine, aliingia 2016. Mkubwa alikuja nyuma, na hilo si la kushangaza: mwenye kisima kikubwa hana haraka ya kuchimba mfereji.

Tunaweza kufanya nini?

Hatuna nguvu ya kuamuru kampuni za Ulaya. Lakini sisi njo tunaoshika tableti, tunaoandika maripoti, tunaokaa kwenye mikutano ya koperativi. Kabla ya kukubali programu mpya, tuulize maswali matatu, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Kwanza: je, inatoa data yote kwa faili ya wazi, kama Excel au CSV kwa majibu na GeoJSON kwa ramani? Muombe waonyeshe palepale, na shamba moja la majaribio, muifungue kwenye programu ingine. Ahadi ya mdomo haihesabiwe.

Pili: nakala ya data inabaki kwa nani mradi ukiisha? Jina na ramani ya mkulima ni mali yake kwanza, na katika nchi yenye vita kama yetu, orodha ya watu na mahali wanapokaa si kitu cha kuachia kila mtu. Kufungua faili si kuitangaza barabarani.

Tatu: inatumia namba zipi za mahali na vipimo vipi? Gunia si kipimo mpaka mutakapolipima kwa kilo.

Koperativi ikija mezani na faili yake tayari, iliyopimwa mara moja na vizuri, mnunuzi wa pili hana sababu ya kuanza upya. Mkulima atabaki na siku yake ya kulima. Na kama mnunuzi wa kwanza anataka kupunguza bei, koperativi itachukua ile faili na kwenda kugonga mlango wa mwingine.