Alan Page Alisoma Sheria Akiwa Bado Uwanjani

Maplewood ni mji unaopakana na Saint Paul upande wa kaskazini na mashariki. Wengi wanaujua kwa sababu ya kampuni ya 3M, ambayo makao yake makuu yako hapo. Kwenye barabara ya Larpenteur ipo shule ya Kikatoliki ya Hill-Murray, inayosifika Minnesota nzima kwa hoki ya barafuni, kama St. Patrick's ya Iten inavyosifika kwa riadha. Kutoka shule hiyo alitokea kipa aitwaye Steve Janaszak.

Mwaka 1979 Janaszak aliidakia timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilipotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, na yeye mwenyewe akatajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Kisha aliitwa timu ya taifa iliyokwenda kwenye Olimpiki ya Lake Placid mwaka uliofuata. Wamarekani hawajaisahau timu ile: vijana wa vyuo waliowafunga Wasovieti 4–3 tarehe 22 Februari 1980, na siku mbili baadaye wakawafunga Wafini na kuchukua dhahabu. Janaszak alikuwa benchi katika mechi zote saba. Kipa mwenzake, Jim Craig, alicheza kila dakika. Baadaye Janaszak aligusa ligi kuu ya NHL kwa mechi tatu tu, kisha akaingia kwenye kazi za fedha na uwekezaji huko New York na kujenga maisha yake hapo.

Katika timu hiyo hiyo alikuwemo Mark Pavelich, kijana wa Eveleth, kaskazini mwa Minnesota. Yeye ndiye aliyetoa pasi iliyozaa bao la ushindi dhidi ya Wasovieti. Mwaka 1983, akichezea New York Rangers, alifunga mabao matano katika mechi moja ya NHL, jambo ambalo hakuna Mmarekani aliyewahi kulifanya kabla yake. Mwaka 2014 aliiuza medali yake ya dhahabu mnadani kwa zaidi ya dola 250,000. Mwaka 2019 alishtakiwa kwa kumpiga jirani, mahakama ikaona akili yake haikuwa timamu kiasi cha kusimama kizimbani, akapelekwa kwenye matibabu. Alifariki Machi 2021 akiwa katika kituo cha tiba, na umri wake ulikuwa miaka 63. Familia yake iliamini kwamba vipigo vya kichwa vya miaka mingi uwanjani ndivyo vilivyomharibia ubongo.

Nimewaweka wawili hawa pamoja kwa sababu hukumu ya haraka mitaani, kwamba nyota anapoanguka ni kwa uzembe wake, haiwatendei haki watu kama Pavelich. Ubongo unaopigwa mara kwa mara unaweza kuugua, na mgonjwa hapaswi kulaumiwa kama mvivu. Hata hivyo wako wanamichezo wengi ambao mwili na akili vyao vilitoka salama uwanjani, lakini maisha ya baadaye yakawashinda. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia zaidi, kwa sababu kwao ipo njia ya kuzuia.

Tuanze na mwili, maana ndio unaoshtuka wa kwanza. Mkimbiaji wa kiwango cha juu ana damu nyingi kuliko mimi na wewe, na moyo wake husukuma kiasi kikubwa kwa kila pigo. Akiacha mazoezi ghafla, sehemu ya majimaji ya damu huanza kupungua ndani ya siku chache. Wiki zinavyopita, misuli nayo hupoteza uwezo wake wa kutumia oksijeni. Hamu ya chakula haipungui kwa kasi hiyo. Mtu aliyezoea kula kama anayekimbia kilomita 180 kwa wiki anaendelea kula vile vile akiwa amekaa kwenye kochi. Usingizi unaharibika na hasira zinakuwa karibu. Kwa sababu hiyo sisi tunaoshughulika na wanamichezo tunasisitiza kwamba anayestaafu apunguze mazoezi kwa miezi, asikate kwa siku moja.

Mshtuko wa pili uko kichwani na unachukua muda kuonekana. Mwaka 1993 wanasaikolojia Britton Brewer, Judy Van Raalte na Darwyn Linder walitoa kipimo cha kuonyesha ni kwa kiasi gani mtu anajiona kuwa mwanamichezo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Anayepata alama za juu sana mara nyingi hufanya vizuri uwanjani, kwa kuwa hana kinachomgawa. Lakini siku ya kutundika daluga ikifika, huyo huyo ndiye anayeumia zaidi. Tangu akiwa na miaka 14 ameamshwa na kocha, amelishwa na kocha na kupangiwa marafiki na ratiba ya timu. Ukimwuliza yeye ni nani ukikataza asitaje mchezo wake, ananyamaza.

Namna ya kuondoka nayo ina uzito wake. Kirby Puckett, mchezaji wa besiboli aliyependwa Minnesota kuliko wote, aliamka asubuhi moja ya Machi 1996 jicho lake la kulia likiwa halioni vizuri. Ilikuwa glakoma, na Julai mwaka huo alitangaza kuacha. Hakuchagua siku wala sababu, na alifariki kwa kiharusi mwaka 2006 kabla hajatimiza miaka 46. Mfano wa upande wa pili ni Maya Moore, aliyeipa Minnesota Lynx ubingwa wa mpira wa kikapu mara nne. Aliondoka uwanjani mwaka 2019 akiwa bado kileleni, ili apiganie kuachiwa kwa Jonathan Irons, mfungwa ambaye Moore aliamini kuwa hana hatia. Irons alitoka gerezani Julai 2020, na baadaye wakaoana. Moore alijua anakokwenda kabla hajatoka.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki hapa Minnesota huniambia kwamba mambo haya yote yanatibika kwa fedha. Lakini utafiti wa mwaka 2015 ulifuatilia wachezaji walioingia ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, kati ya 1996 na 2003. Ulikuta kwamba takriban asilimia 16 walikuwa wametangaza kufilisika mahakamani ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba aliyelipwa mamilioni mengi hakuwa salama kuliko aliyelipwa kidogo, na aliyecheza miaka mingi hakumzidi aliyecheza michache. Fedha iliyoingia kwa miaka mitano na kutakiwa kuhudumia miaka arobaini inahitaji mtu mwenye mazoea ya kupanga, na mazoea hayo hayaji pamoja na hundi.

Hapo ndipo anapoingia Alan Page, ambaye kwangu ni somo kubwa kuliko wote waliowahi kucheza katika miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul.

Page alizaliwa mwaka 1945 huko Canton, Ohio. Akiwa kijana alifanya kibarua cha ujenzi wa jumba la mashujaa wa futiboli la mji huo, jumba lile lile ambalo mwaka 1988 lilimpokea yeye mwenyewe. Alijiunga na Minnesota Vikings mwaka 1967. Mwaka 1971 alikuwa mlinzi wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima, heshima iliyozoeleka kwa washambuliaji. Vikings walifika fainali nne za Super Bowl akiwamo, na wakapoteza zote.

Mapema katika miaka hiyo alijaribu shule ya sheria mjini Saint Paul na kuacha baada ya muda mfupi. Wengi wangeishia hapo. Mwaka 1975, akiwa nyota aliyekamilika mwenye kila sababu ya kulala baada ya mazoezi, aliingia Chuo Kikuu cha Minnesota na kuanza upya. Alihitimu sheria mwaka 1978. Katika kipindi hicho hicho alianza kukimbia mbio ndefu na uzito wake ukapungua. Kocha Bud Grant akamwona mwepesi mno kwa nafasi yake, na katikati ya msimu wa 1978 Vikings wakamwacha. Chicago Bears walimchukua kwa ada ya dola 100, akawachezea hadi mwisho wa msimu wa 1981.

Tuitazame siku ile ya kuachwa. Mchezaji bora wa zamani wa ligi anatupwa na timu yake kwa bei ya viatu. Kwa mtu ambaye mchezo ndio jina lake, siku kama hiyo humvunja. Page alikuwa tayari ana shahada ya sheria mkononi, na mwaka uliofuata alianza kazi katika kampuni ya mawakili ya Minneapolis huku bado anacheza Chicago. Daluga zilipotundikwa, asubuhi ya pili alikuwa na ofisi ya kwenda.

Kutoka uwakili alihamia ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwaka 1992 alitaka kugombea Mahakama ya Juu ya Minnesota. Ikambidi kwanza afungue kesi ili kiti kipigiwe kura, kwa kuwa gavana alikuwa ameongeza muda wa jaji aliyekuwepo. Alishinda kesi, akashinda uchaguzi, na kuanzia Januari 1993 akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama hiyo. Alikaa miaka 22.

Alipopokelewa Canton mwaka 1988 alimchagua mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis kuwa mtambulishaji wake, ilhali desturi ilikuwa kumleta kocha au mchezaji mwenzake. Hotuba yake ilihusu elimu. Alisimulia kikao cha Vikings ambapo kocha aliwataka walinzi wasome kwa sauti kitabu cha mbinu, ikadhihirika kwamba baadhi yao hawakuweza kusoma. Watu hao walikuwa wamepita chuo kikuu. Walipitishwa darasa kwa darasa kwa sababu ya miili yao, na hakuna aliyejali wangefanya nini wakifika miaka 35. Mwaka huo wa 1988 Page na mkewe Diane walianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wa rangi wa Minnesota kwenda chuo, kwa sharti kwamba kila anayesaidiwa atenge saa za kuwafundisha watoto wadogo.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa uchungu ni Henry Rono wa Nandi. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: meta 5,000 mjini Berkeley, meta 3,000 za kuruka viunzi na maji mjini Seattle, meta 10,000 mjini Vienna na meta 3,000 mjini Oslo. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo mwanariadha bora wa kizazi chake hakupata kukimbia Olimpiki hata moja. Pombe ilimwingia akiwa bado anavunja rekodi. Baada ya riadha alilala mitaani, aliegesha magari ya watu, na alibeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Albuquerque. Alikuja kupanda tena: aliiacha pombe, akafundisha wakimbiaji na kuandika kitabu cha maisha yake. Alirudi Kenya mwaka 2019 na kufariki Februari 2024.

Tulinganishe na Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya meta 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 na ya maili moja mjini Kingston mwaka 1975. Naye alinyang'anywa Olimpiki ya 1976 na siasa zile zile, ingawa alipata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mjini Moscow mwaka 1980. Lakini Bayi alikuwa askari wa jeshi la Tanzania, JWTZ. Alikuwa na cheo, mshahara na mahali pa kuripoti hata siku ambayo miguu imekataa. Baadaye yeye na mkewe Anna walijenga shule, kuanzia Kimara hadi Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya meta 800 mwaka 1972, alifika hadi uprofesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Utaratibu wa jeshi, polisi na magereza kuajiri wanariadha unabezwa siku hizi kuwa wa kizamani. Mimi nauona kuwa mojawapo ya kinga bora tulizobuni, na ninasikitika nikiona vijana wanaukimbia kwa ajili ya meneja mwenye mkataba wa msimu mmoja.

Kwa wazazi wenye watoto katika sekondari za Maplewood na mitaa jirani, jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kijana wa miaka 19 anaweza kushika fedha ambazo baba yake hajawahi kuziona. Kocha atakapokuja sebuleni kumtaka mtoto, muulizeni maswali mawili kabla ya kuzungumzia ufadhili: katika wachezaji wake wa miaka mitano iliyopita ni wangapi wamehitimu, na kwa shahada gani? Kisha, mtoto akichagua uhandisi au uuguzi na saa za maabara zikagongana na mazoezi, nani anaamua? Kocha mzuri anayo majibu bila kufungua daftari. Na mtoto aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi asitie saini mkataba wa malipo kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu viza hiyo ina masharti makali kuhusu kazi.

Page mwenyewe alistaafu mara ya pili Agosti 2015, sheria ya Minnesota inayomtaka jaji aondoke akitimiza miaka 70 ilipomfikia. Januari 2020 alijitokeza tena pamoja na Neel Kashkari, mkuu wa Benki Kuu tawi la Minneapolis, wakipendekeza katiba ya jimbo ibadilishwe ili elimu bora ya umma iwe haki ya kila mtoto. Chama cha walimu cha jimbo kilipinga pendekezo hilo. Page alikwenda kulitetea mbele ya watunga sheria mjini Saint Paul.