Kijiko si mizani: pima vizuri chumvi ya mtoto anayeharisha

Huko Bugolobi, Kampala, Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka lina maabara ya kupima maji. Katika maabara, kemikali hupimwa kwa mizani. Sisi nyumbani tuna kijiko tu. Kijiko hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua. Hakipimi uzito.

Hesabu yake

Gawanya uzito kwa ujazo. Jibu linaitwa densiti, yaani uzito wa kila mililita moja. Lita moja ya maji ni mililita 1000 na ina uzito wa gramu 1000, kwa hiyo densiti yake ni 1.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua mililita 5:
- Sukari: karibu gramu 4. Hesabu: 4 ÷ 5 = 0.8
- Chumvi laini: karibu gramu 6. Hesabu: 6 ÷ 5 = 1.2

Vijiko viwili vinalingana kwa macho, lakini cha chumvi ni kizito zaidi. Kipande kigumu cha chumvi hufikia karibu 2.2, kwa sababu hakina hewa kati ya punje.

Kwa nini ni muhimu?

Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida. Nusu kijiko cha chai ni karibu gramu 3. Kijiko kizima ni gramu 6, zaidi ya mara mbili! Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupata degedege, hata kufa.

Ufanye nini?

1. Tumia pakiti ya ORS kwanza. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa.
2. Kama huna pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi laini.
3. Sawazisha kijiko kwa kisu. Usijaze kilima.
4. Onja. Ikiwa ni chumvi kuliko machozi, mwaga, utengeneze upya.
5. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akitapika kila kitu, akiharisha damu, akishindwa kunywa au akilegea, mpeleke kituo cha afya mara moja.