Kombe la Dunia 2026: Bastola ibaki nyumbani

Shabiki wa Marekani anayefuata mechi za Kombe la Dunia 2026 kwa gari lake, akiwa na bastola anayoimiliki kihalali, ana kibarua kigumu kuliko tiketi.

Ndani ya nchi, sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamruhusu kuvuka majimbo, mradi anaruhusiwa kuwa nayo anakotoka na anakokwenda. Risasi zitolewe, vyote vifungiwe kwenye buti. Gari halina buti? Kasha lenye kufuli. Droo ya dashibodi haihesabiki.

Akikata kona kutoka Houston kwenda Monterrey, hiyo ni mechi nyingine kabisa. Mexico, hata risasi moja iliyosahaulika chini ya siti inaweza kumpeleka rumande. Hakuna kadi ya njano. Ni nyekundu moja kwa moja.