Kabla ya Kutia Saini: Leseni ya Kazi Yako na Kipato Chake

Mtu aliyejenga nyumba anaweza kuiuza, au akabaki na hati yake na kuipangisha. Kazi ya ubunifu nayo ni mali ya namna hiyo. Mwandishi, mpiga picha au mtunzi wa nyimbo anaweza kumhamishia mtu mwingine haki zake moja kwa moja. Anaweza pia kutoa leseni, yaani idhini ya kuitumia kazi kwa namna, mahali na muda uliokubaliwa, huku yeye akiendelea kuwa mwenye mali. Karatasi za mapatano hayo mawili huweza kufanana kwa sura, lakini matokeo yake ni mbali kabisa.

Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi bila ya kumlazimu kusajili kazi yake kwanza. Hata hivyo, usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), au COSOZA kwa upande wa Zanzibar, humpatia ushahidi panapozuka mgogoro. Haki za kiuchumi za mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo maneno "haki zote, daima" katika mkataba wa ukurasa mmoja si madogo: anayeyakubali anaamua pia juu ya mali ya wanawe.

Tuseme mfanyabiashara anahitaji picha uliyoipiga kwa ajili ya kalenda. Mpe leseni ya kalenda, ya mwaka mmoja, kwa nchi moja. Akitaka kuibandika picha hiyo kwenye mifuko ya chai, na arudi mzungumze upya. Isipokuwa amelipia leseni ya pekee, unaweza kumpa mwingine idhini ya matumizi tofauti. Leseni ya pekee hukufungia mlango huo, nawe mwenyewe huenda ukazuiwa kuitumia picha yako. Bei yake basi iwe kubwa zaidi.

Katika mrabaha, asilimia peke yake haikuambii kitu. Uliza: asilimia ya nini? Chukua kitabu kinachouzwa shilingi 10,000, nakala 2,000 zikanunuliwa, na mrabaha ukawa asilimia 10. Ukikokotolewa kwa bei ya jalada, mwandishi hupata shilingi 2,000,000. Mkataba ukisema "mapato ya mchapishaji", na muuza duka akawa amepunguziwa asilimia 35, msingi wa hesabu ni shilingi 6,500 kwa nakala, na mwandishi hupata 1,300,000. Ukisema "mapato baada ya gharama", na uchapaji pamoja na usafirishaji ukala shilingi 4,000 nyingine, zitabaki 2,500, na mrabaha wote utakuwa 500,000. Asilimia ni ile ile, nakala ni zile zile. Neno "gharama" lisipofafanuliwa, orodha yake huandikwa na yule anayekulipa.

Dai pia taarifa ya mauzo kwa tarehe maalumu, angalau mara mbili kwa mwaka, na haki ya kukagua vitabu vya hesabu. Malipo ya awali ni mazuri, ila kwa kawaida hukatwa katika mrabaha unaofuata. Usiyahesabu mara mbili. Weka pia kifungu kinachokurudishia haki zako iwapo kazi haitatolewa katika muda uliotajwa. Bila ya kifungu hicho, muswada waweza kulala kabatini mwa mchapishaji nawe usiweze kuupeleka kwingine.

Alama ya biashara na hataza ya uvumbuzi zina utaratibu wake: hizo husajiliwa, na kwa Tanzania Bara ni BRELA inayohusika. Mwenye uvumbuzi asiuonyeshe hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, kwani upya wake ni sharti la kupewa hataza.

Ukiharakishwa kusaini papo hapo, omba siku chache ukausome mkataba pamoja na wakili. Ukishasaini, ondoka na nakala yenye saini za pande zote siku hiyo hiyo.