Homa Ikishuka, Usikimbilie Kijiweni

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya muziki. Nina stori ya aibu, ya chini ya mkanda. Masela wangu watanicheka wakiisoma, lakini potelea mbali.

Kasheshe lilianza Jumatatu usiku, chumbani kwangu Sinza. Homa ilinipanda ghafla, nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Kama kawaida yetu Wabongo, nikajipa jibu mwenyewe: malaria. Asubuhi nikanunua dawa mseto bila kupima, nikameza, nikajifunika blanketi.

Jumatano mambo yakageuka. Mkojo ukawa unaunguza, unatoka kwa kusuasua. Maumivu yakajikita katikati ya korodani na njia ya haja kubwa, kukaa kwenye kigoda ikawa adhabu. Nikamnong'oneza mshikaji wangu mmoja. Akaangua kicheko: "Kisonono hicho, mwanangu! Nani kakupa?" Nikanywea. Kwa ajili ya maneno hayo nikapoteza siku nyingine nzima.

Alhamisi nikajikongoja hospitali. Dokta, mtu mzima wa makamo, alinipima malaria: hakuna. Akapima mkojo: usaha na bakteria. Kipimo kingine kilichofuata sitakisimulia, ila alikifanya taratibu na kwa heshima.

"Kijana wangu, tezi dume yako imeshambuliwa na bakteria," akasema.

"Dokta, si ugonjwa wa wazee huo?"

"Wazee huwavimba kwa sababu ya umri. Lakini tezi kila mwanaume anayo tangu kuzaliwa, na bakteria hawaulizi kitambulisho."

Akanichorea. Tezi hiyo imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ikivimba, inaubana mrija. Ndiyo maana mkojo unasuasua. Mara nyingi wadudu wenyewe ni wale wa kawaida wanaoishi tumboni. Magonjwa ya zinaa nayo yanaweza kuileta, ndiyo maana unapimwa badala ya kubashiriwa kijiweni.

Nikapewa antibayotiki za wiki kadhaa, pamoja na paracetamol ya kushusha homa. Na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza.

Kosa la kwanza: nilimeza paracetamol vidonge viwili, saa moja baadaye nikaona homa bado inanichezea, nikanywa dawa ya mafua ya mpangaji mwenzangu. Dada yangu alikuwa amekuja kuniangalia. Akachukua pakiti, akasoma maandishi madogo: humo ndani nako mna paracetamol! "We mtoto, unataka kuua ini?" akafoka.

Sikiliza vizuri hapa. Kwa mtu mzima, kidonge kimoja ni miligramu 500. Unameza kimoja au viwili, unasubiri saa 4 mpaka 6, na ndani ya saa 24 usizidishe vidonge 8. Kama una mwili mdogo, una matatizo ya ini au ni mtu wa pombe kila siku, muulize dokta, maana kiwango chako kinaweza kuwa kidogo zaidi. Na kila dawa ya mafua au ya maumivu, soma kwanza kilichomo. Ibuprofeni na diklofenaki nazo si za kumeza ovyo, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu, au mtu aliyekaukiwa maji.

Kosa la pili ndilo lililotaka kunimaliza. Jumamosi homa ilishuka. Nikajipima, kipimajoto kikasoma 37. Nikajiona nimepona! Nikaacha antibiotiki mezani, nikavaa jinzi, nikaenda kijiweni, nikapiga bia mbili tatu za kujipongeza.

Saa nane usiku nikaamka natetemeka kama nimelowa mvua ya Julai. Kipimajoto: 39.4. Nikaenda chooni, nikakamua, hata tone. Kibofu kimejaa kama ngoma, mkojo hautoki. Msomaji, sikuombei uyajue maumivu yale. Dada akaita bajaji, nikafikishwa hospitali ile ile nikilia waziwazi. Wakanitoa mkojo kwa mpira, wakanitundikia dripu na kunichoma sindano. Nililala wodini siku 3.

Asubuhi dokta akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokoa. Paracetamol inashusha joto kwa saa chache tu. Haiui bakteria hata mmoja. Ile 37 yangu niliipima saa moja baada ya kumeza vidonge, kwa hiyo ilikuwa kazi ya vidonge, siyo dalili ya kupona. Ukitaka ukweli, pima joto kabla ya kumeza dozi inayofuata, nguvu ya ile ya kwanza ikiwa imeisha. Andika kwenye daftari: saa ngapi, joto kiasi gani, umemeza nini. Daftari hilo litamsaidia dokta kuliko maneno yako.

Antibayotiki unamaliza siku zote ulizoandikiwa, hata ukijisikia ngangari. Kama yako ni ciprofloxacin kama yangu, usiimeze pamoja na maziwa wala dawa za kiungulia, zinaipunguza nguvu. Ukianza kuumwa kano, hasa nyuma ya kisigino, rudi ukaseme.

Mengine ni ya nyumbani. Kunywa maji, uji, madafu. Vaa nguo nyepesi. Kujifukiza na kujifunika blanketi mbili kunakuongezea joto. Maji ya barafu nayo yanakutetemesha bure. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha.

Na usisubiri asubuhi kama mkojo umegoma kutoka, unatetemeka vibaya, unatapika dawa, unahema haraka au umeanza kuchanganyikiwa. Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba bakteria wameingia kwenye damu, na hiyo inaua. Hata bila hayo, ukimaliza siku mbili za antibiotiki na homa bado inapanda, rudi hospitali.

Leo nipo fiti. Bia nilizipa likizo mpaka dozi ilipokwisha. Yule mshikaji wa kisonono wiki iliyopita alinivuta pembeni, sauti chini: "Oya, hivi ile yako ilianzaje?" Sikucheka. Nilimsindikiza mimi mwenyewe akapime.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.