Sungura wa Beatrix Potter alichorwa mifupa kabla ya koti

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanamfahamu Peter Rabbit, sungura mwenye koti la buluu, kwa kuwa sura yake imechapishwa kwenye vikombe, sahani na nguo za watoto katika nchi nyingi duniani. Wachache wanafahamu kwamba mchoraji wake, Mwingereza Beatrix Potter, alikuwa amechora wanyama kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya kitabu hicho kuchapishwa, na kwamba wengi wa wanyama hao wa awali hawakuwa na koti wala viatu.

Sehemu kubwa ya michoro hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert jijini London, ambayo mwaka 1973 ilirithishwa mkusanyiko wa Leslie Linder wenye vitu zaidi ya 2,000, yakiwamo madaftari, barua na picha. Limo daftari la mwaka 1875, wakati Potter alipokuwa msichana wa miaka minane. Ndani yake kuna viwavi waliochorwa kwa uangalifu, pamoja na maelezo ya mtoto huyo kuhusu maumbile na tabia zao. Hakuna hadithi hapo. Ni kazi ya mtu anayetaka kujua kiwavi yukoje.

Potter alizaliwa Julai 28, 1866, katika familia tajiri ya London. Kama wasichana wengi wa tabaka lake, hakupelekwa shule bali alifundishwa nyumbani. Mwenzake mkubwa alikuwa mdogo wake, Bertram, na chumba chao cha masomo kilijaa sungura, panya, popo, vyura, mijusi na kalunguyeye, baadhi yao wakiwa wameingizwa kwa siri bila wazazi kujua.

Yaliyofanyika katika chumba hicho huenda yakamshtua mzazi wa leo anayemsomea mwanawe vitabu hivyo. Mnyama alipokufa, ndugu hao waliweza kuuchemsha mzoga wake hadi nyama ikaachana na mifupa, kisha wakaiunganisha mifupa hiyo na kuichora. Huo haukuwa ukatili, walikuwa wakijifunza. Anayejua jinsi bega la sungura linavyoungana na mgongo hahitaji kubahatisha anapomsimamisha kwa miguu miwili na kumvika koti.

Hapo ndipo penye siri ya picha zake. Katika kitabu cha Peter Rabbit, sungura huyo anapofukuzwa shambani hupoteza viatu vyake, na tangu hapo anakimbia kwa miguu minne, kwa kasi zaidi. Koti nalo linanaswa na wavu. Mtoto anayeitazama picha hiyo haoni kikaragosi kilichovuliwa nguo. Anaona sungura wa porini mwenye hofu. Wachoraji wengi wa vitabu vya watoto huchora mtu na kumbandika masikio ya mnyama. Potter alianza na mnyama mwenyewe.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mwaka 1890 aliuza michoro yake ya kwanza, ya kadi za salamu, kwa pauni sita. Aliyemtumia kama kielelezo alikuwa sungura wake, Benjamin Bouncer. Kwa furaha alimpongeza Benjamin kwa kikombe cha mbegu za katani, na kesho yake, alipotaka kumchora tena, sungura huyo alikuwa amelewa na hashikiki. Kalunguyeye wake, Mrs Tiggy-winkle, alipenda kulala magotini mwake, lakini akisimamishwa nusu saa ili achorwe alianza kupiga miayo, kisha akauma.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ipo sehemu ya michoro hiyo iliyo karibu na nyumbani. Kati ya mwaka 1893 na 1896 Potter alichora picha kadhaa za hadithi za Uncle Remus, zilizokusanywa na Joel Chandler Harris kutoka kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani. Sungura mjanja wa hadithi hizo, ambaye watafiti wengi wanaihusisha asili yake na Afrika, ni ndugu wa Sungura tuliyesimuliwa na bibi zetu.

Potter alichora pia uyoga kwa mamia, akitumia hadubini. Mwaka 1897 makala yake kuhusu kuota kwa chembe za uzazi za uyoga iliwasilishwa katika Chama cha Linnean cha London, lakini yeye hakuwapo: wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano hiyo. Makala haikuchapishwa. Mlango wa sayansi ukawa umefungwa kwa mtu aliyekuwa na jicho la mwanasayansi.

Mlango mwingine ulifunguka kwa barua. Septemba 4, 1893, akiwa Scotland, alimwandikia Noel Moore, mtoto mgonjwa wa mwalimu wake wa zamani. Kwa kukosa la kumwambia, alimsimulia habari za sungura wanne, akiwachora kwa kalamu kati ya mistari. Miaka kadhaa baadaye aliiazima barua hiyo na kuifanya kitabu. Wachapishaji kadhaa walikikataa, hivyo Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe. Oktoba 1902 kampuni ya Frederick Warne ilikitoa kwa nakala 8,000, kikiwa na picha za rangi.

Sungura aliyekipa kitabu hicho jina, Peter Piper, hakuwahi kufika kwenye uchapaji. Potter alimnunua London akiwa mdogo sana, akamchora amelala, amejikunyata na akinusa. Alikufa Januari 26, 1901, mwishoni mwa mwaka wake wa tisa, na katika nakala moja ya toleo lile la kwanza Potter aliandika kwa mkono maneno mafupi ya kumkumbuka.