Mgongo wa Kijana Unapopinda: Wingu Lipi Lina Mvua?

Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza kwamba skoliosisi ni uti wa mgongo kupinda kuelekea ubavuni huku pingili zake zikijizungusha, na kwamba haifanani na kibiongo, ambacho hutokeza nyuma. Kibiongo kikimtokea mtoto, kwanza achunguzwe kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bure. Leo tujibu swali linalowasumbua wazazi: je, kila mwenye mgongo uliopinda apelekwe kwenye kipimo cha MRI?

Mara nyingi wa kwanza kugundua ni fundi cherehani. Msichana wa kidato cha kwanza amekwenda Ngamiani, hapa Tanga, kupimwa sare. Fundi anashusha utepe kutoka begani hadi kiunoni, kulia anapata kipimo kimoja, kushoto kingine. Anadhani amekosea, anapima tena. Sketi inashonwa, inavaliwa, na pindo linakaa upande. "Dada," anamwambia mama, "hebu mtazame mwanao mgongo."

Nyumbani mama anaweza kumtazama bila gharama. Mtoto asimame miguu pamoja, ainame mbele bila kukunja magoti, mikono ining'inie. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kama tuta, kuna jambo. Kipimo hiki kina jina la William Adams, mpasuaji wa Uingereza aliyekieleza mwaka 1865. Hospitalini, kama pale Bombo, hufuata picha ya eksirei mtoto akiwa amesimama, na pindo la uti hupimwa kwa nyuzi. Kuanzia nyuzi 10, hiyo ni skoliosisi.

Vijana wawili au watatu kati ya 100 wanayo, na kwa wanane hivi kati ya kumi sababu haijulikani. Hawakupinda kwa ndoo ya maji, wala mkoba wa madaftari, wala kijicho cha jirani. Wengi wao wanahitaji kufuatiliwa kwa eksirei hadi wamalize kukua, na baadhi kuvaa mkanda maalumu.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvuvi wa Sahare harudishi ngalawa kwa kila wingu. Mawingu ya kuogopa ni haya: mgongo uliopinda kabla ya umri wa miaka 10, pindo la kifuani lililoelekea kushoto, maana kwa kawaida huelekea kulia, pindo linaloongezeka haraka, maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, mguu mmoja kulegea, kuwa mwembamba au kuwa na unyayo uliojikunja, mkojo kumtoka bila kujijua, na kishungi cha nywele au kishimo kisicho cha kawaida juu ya kiuno. Daktari naye hupitisha kijiti butu juu ya ngozi kuzunguka kitovu. Kitovu kinatakiwa kucheza kuelekea upande ulioguswa. Kikicheza upande mmoja na kutulia upande wa pili, mishipa ya fahamu inatoa taarifa.

Hapo ndipo MRI inapohitajika. Eksirei huonyesha mfupa, lakini uti wa fahamu uliopita ndani ya mfupa huo hauonekani. MRI hutumia sumaku, mara nyingi yenye nguvu kama mara 30,000 ya ile inayogeuza dira ya nahodha, pamoja na mawimbi ya redio, kusoma maji yaliyomo mwilini. Haina mionzi ya eksirei. Huweza kuonyesha tundu lililojaa maji ndani ya uti wa fahamu, sehemu ya chini ya ubongo iliyoteremka shingoni, uti ulionasa chini usiweze kupanda mtoto anaporefuka, au uvimbe. Ndiyo maana picha ipigwe kuanzia shingo ya juu hadi mwisho wa mgongo, si pale palipopinda tu.

Kwa nini ijulikane mapema? Kwa sababu mpasuaji akiunyoosha mgongo ambao ndani yake uti umenasa, anaweza kuuvuta na kumwacha mtoto amepooza. Na wakati mwingine tatizo la ndani likitibiwa kwanza, pindo lenyewe hutulia.

Kipimo cha MRI kipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 350 kutoka Tanga mjini. Nauli, malazi na gharama ya picha si mzigo mdogo, na hakuna mzazi anayestahili kuubeba bila sababu wala kuuahirisha pale sababu ipo. Basi nenda na barua ya rufaa inayotaja dalili, pamoja na eksirei zote za zamani. Mtoto atalala bila kutikisika nusu saa au zaidi, katikati ya kelele za kugonga. Mwandae kwa hilo. Kabla hajaingia, mvueni bangili, vibanio, pini za mtandio, na hirizi kama ina chuma. Kama ana chuma kilichowekwa mwilini kwa upasuaji, semeni mapema.

Juma lijalo: mkanda, upasuaji, na maisha ya shule baada yake.